Majabali ya Mara: Historia ya Jiwe na Wachoraji Wake

Uchoraji wa mawe umepita njia ndefu, na mkoa wa Mara ni mahali pazuri pa kuifuatilia. Kwanza watu walichora juu ya jiwe. Baadaye wakalichora jiwe lenyewe, katika vitabu vya safari na kwenye ramani za jiolojia. Mwishoni mwa karne ya 20 wakaanza kuliunda kwa hesabu za kompyuta, na sasa wanalinakili kwa mamia ya picha za kamera hadi lionekane pande zote kwenye skrini. Vifaa vimebadilika katika kila hatua, lakini sharti halikubadilika: anayelichora jiwe likaaminika ni yule anayejua lilivyotokea, lilivyopasuka na linavyopokea mwanga.

Jiwe lenyewe

Ardhi ya Musoma, Bunda na Butiama imekaa juu ya kipande kikongwe cha ganda la dunia ambacho wanajiolojia hukiita kratoni ya Tanzania. Miamba ya volkeno ya ukanda wa Musoma na Mara, pamoja na matale, yaani graniti, yaliyopenya ndani yake, ina umri wa miaka bilioni 2.6 na zaidi. Matale hayo yalipoa polepole, kilomita kadhaa chini ya ardhi, na kwa sababu hiyo chembe zake zilipata muda wa kukua hadi zikaonekana kwa macho matupu: kwatzi ya kijivu inayopenyeza mwanga, feldispa nyeupe au ya waridi, na mika nyeusi inayometameta.

Miamba iliyoyafunika ilimomonyoka kwa muda mrefu mno. Uzito uliokuwa ukiyakandamiza ulipopungua, matale yalitanuka na kupasuka. Nyufa zake hazikukaa ovyo. Zilijipanga kwa mielekeo miwili au mitatu inayokatana, zikagawa mwamba kuwa vipande vyenye pembe, huku nyufa nyingine zikienda sambamba na uso wa ardhi na kuubandua mwamba katika maganda mapana. Maji ya mvua yalipenya humo na kuanza kuozesha jiwe. Pembe ya kipande hushambuliwa kutoka pande tatu, ukingo kutoka pande mbili, na uso bapa kutoka upande mmoja tu. Kwa hiyo pembe huisha kwanza, na kipande kilichokuwa na kona hugeuka bonge la mviringo kikiwa bado kimezikwa udongoni.

Udongo laini uliposombwa na mvua, mabonge yalibaki juu yakiwa yamekaa palepale yalipopasukia. Hiyo ndiyo asili ya mawe yaliyobebana ambayo msafiri wa barabara ya Mwanza kwenda Musoma huyaona pande zote mbili za njia. Mgeni anaweza kudhani yalipandishwa na watu, kumbe hayakupandishwa na yeyote. Kilichoondoka ni udongo uliokuwa katikati yake. Mchoraji anapaswa kulijua hilo, kwa sababu ukiyatazama mabonge ya kilima kimoja utakuta mistari ya nyufa za zamani bado inaendelea kutoka bonge moja hadi jingine.

Kuchora juu ya jiwe

Kwa watu wa Mara jiwe kubwa halikuwa mapambo ya mandhari tu. Miongoni mwa jamii za kusini mwa mkoa, wakiwemo Waikizu, Wanata, Waikoma na Wangoreme, baadhi ya majabali, chemchemi na vichaka ni makao ya mizimu ya ardhi, na matambiko yalifanyika hapo. Simulizi za Waikizu, katika wilaya ya Bunda, humtaja Muriho, shujaa ambaye jina lake limebaki katika Mlima Chamuriho, na Nyakinywa, mwanamke mvuta mvua ambaye ukoo wa watemi unajinasibisha naye. Butiama nako, makazi ya Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki yalikuwa Mwitongo, kwenye mwinuko wenye majabali. Ni hapo pia Mwalimu Julius Nyerere alipozikwa Oktoba 1999.

Bonde la Ziwa Victoria lina michoro ya kale ya miambani inayofanana kutoka nchi hadi nchi. Kisiwani Mfangano upande wa Kenya, Nyero mashariki ya Uganda na kisiwani Lolui, alama zinazotawala ni miduara iliyo ndani ya miduara, miale na mistari, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Simulizi za wenyeji wa Mfangano huihusisha michoro hiyo na Watwa, wawindaji waliotangulia wakulima na wafugaji, na huyahusisha maeneo hayo na maombi ya mvua. Mtafiti J. H. Chaplin aliikusanya michoro ya eneo la ziwa katika kazi kubwa iliyochapishwa mwaka 1974 kwenye jarida la Azania, na mpaka leo kazi hiyo ni msingi wa tafiti nyingine.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kwenye majabali ya Moru, iko michoro ya namna nyingine: ngao za Wamasai kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, zikifuatana ukutani chini ya jabali lililoinama. Inahusishwa na morani waliolisha mifugo katika nyanda hizo kabla Wamasai hawajahamishwa kutoka hifadhini mwishoni mwa miaka ya 1950. Jirani yake kuna jiwe linalolia. Ni bonge kubwa lililokaa juu ya mawe madogo, na kwa kuwa limeshikwa sehemu chache tu, likigongwa kwa kijiwe hutoa mlio wa kengele. Vishimo vilivyochimbika usoni mwake vinaonyesha kwamba liligongwa kwa vizazi vingi.

Wachoraji hawa hawakuchora picha ya jiwe, lakini walilisoma jiwe kwa makini kuliko wengi waliokuja baadaye. Walichagua uso uliobanduka karibuni, ulio laini na usiochujuka. Walikwepa michirizi ya maji. Walitafuta ukuta ulioinama ili mvua isiufikie, na baadhi ya michoro imedumu kwa sababu ya uamuzi huo zaidi ya kwa sababu ya rangi. Rangi zenyewe zilitoka ardhini: nyekundu kwa ngeu, ambayo ni udongo wenye madini ya chuma, na nyeupe kwa udongo mweupe. Mafuta au utomvu wa mimea ulitumika kushikisha rangi.

Kalamu na ramani

Michoro ya mawe ya Mara kwenye karatasi ilianza na wasafiri wa Ulaya. Henry Morton Stanley aliuzunguka Ziwa Victoria kwa mashua yake Lady Alice mwaka 1875, akapita ghuba ya Speke na pwani ya Majita. Oscar Baumann wa Austria alivuka Serengeti hadi ziwani mwaka 1892, na kitabu cha safari yake kilitoka Berlin mwaka 1894. Katika vitabu vya enzi hiyo, mchoro wa msafiri mara nyingi ulichongwa upya na fundi wa Ulaya kabla ya kuchapwa. Fundi ambaye hakuwahi kuliona jiwe la Afrika alilijaza kwa mazoea ya mkono wake, na kilima cha matale kikatokea na makali ya miamba ya milima ya Ulaya.

Usahihi ulitafutwa zaidi na wanajiolojia. Idara ya jiolojia ya Tanganyika iliyokuwa na makao yake Dodoma ilituma watu kupima miamba kwa miguu, na katika miaka ya 1930 G. M. Stockley alichapisha maelezo ya jiolojia ya wilaya ya Musoma, ambayo wakati huo ilijumuisha pia Bunda na Butiama za leo. Dhahabu ndiyo iliyosukuma kazi hiyo. Migodi ya Buhemba na Kiabakari, ambayo sasa imo katika wilaya ya Butiama, ilihitaji kujua mahali miamba ya volkeno inapokutana na matale, kwa kuwa mishipa ya dhahabu hupatikana ndani na kandokando ya miamba hiyo ya volkeno.

Mwanajiolojia huchora jiwe kwa nidhamu yake. Katika daftari la porini huweka mistari michache tu: mpaka wa mwamba, mwelekeo wa ufa, pembe ya mlalo wa tabaka, na kitu cha kuonyesha ukubwa, kama nyundo au mtu. Kwenye ramani matale hujazwa misalaba midogo na miamba ya volkeno hujazwa alama za v. Kinachohesabika ni uhusiano wa mwamba mmoja na mwingine, hata kama uzuri haupo. Nidhamu hiyo ndiyo ambayo wachoraji wa picha walikuwa wakiitafuta kwingineko duniani kwa karne nyingi. Nchini China kanuni za wachoraji zilifundisha kwamba jiwe lina nyuso tatu, na kitabu cha mafunzo cha Bustani ya Mbegu ya Haradali, ambacho sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1679, kilipanga aina za mapigo ya brashi kufuatana na aina za miamba. Nchini Italia, karibu mwaka 1400, Cennino Cennini alimshauri anayetaka kuchora mlima achukue mawe makubwa yenye uso wa kukwaruza, ayaweke mbele yake na kuyanakili. Uingereza nako John Ruskin alichora mwamba wa Glenfinlas mwaka 1853 kwa uangalifu wa mwanasayansi, na mwaka 1856 akatoa juzuu zima la Modern Painters kuhusu milima na mawe.

Sanaa ya rangi ya Afrika Mashariki ilikwenda njia nyingine. Sam Ntiro, aliyesoma na kufundisha Makerere, alichora kazi na sherehe za vijijini kwa maumbo mapana. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuuza picha zake Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alimweka mnyama mmoja mkubwa mbele ya usuli wa rangi moja, kwa rangi za mafuta zinazong'aa juu ya vipande vya hadibodi. Katika mitindo hiyo jiwe lilikuwa alama tu, na halikuhitaji uzito wala nyufa. Kijana wa Mara aliyetaka kulichora jabali kama linavyoonekana hakupata mfano wa karibu katika sanaa ya sokoni.

Jiwe linaloundwa kwa hesabu

Ushauri wa Cennini ulipata maelezo ya kihesabu baada ya karibu miaka 600. Mwaka 1975 Benoit Mandelbrot alilipa jina la frakta umbo ambalo sehemu yake ndogo inafanana na umbo zima, na kitabu chake cha mwaka 1982 kilionyesha kwamba milima, mawingu na pwani vina tabia hiyo. Kijiwe kilichovunjika kinaweza kusimama badala ya mlima kwa sababu kinapasuka kwa ukwaruzo uleule katika vipimo vidogo.

Watengenezaji wa picha za kompyuta waliitumia nadharia hiyo mara moja. Mwaka 1980 Loren Carpenter alionyesha Vol Libre, filamu fupi ya milima iliyozaliwa kwa kugawa pembetatu tena na tena na kusogeza pembe zake kidogo kila mara. Kabla ya hapo, mwaka 1978, James Blinn alikuwa amebuni njia ya kuudanganya mwanga: uso ulio bapa unaonekana na mabonde na vinundu kwa kubadilisha hesabu ya mwanga peke yake, bila kubadilisha umbo. Ken Perlin, aliyekuwa amefanya kazi katika filamu ya Tron ya mwaka 1982, alibuni hesabu ya madoa yasiyo na mpangilio dhahiri lakini yenye ulaini wa asili. Aliitangaza mwaka 1985, na mwaka 1997 ilimpatia tuzo ya kiufundi ya Oscar. Mwaka 1996 Steven Worley aliongeza hesabu inayogawa uso katika vyumbavyumba, inayofaa kwa nyufa na changarawe. Mawe mengi ya michezo ya kompyuta na ya filamu mpaka leo yamejengwa juu ya hesabu hizo.

Zana zenyewe zimeshuka bei hadi kumfikia mwanafunzi. Blender, programu ya kuunda vitu vya pande tatu, ilifanywa huria mwaka 2002. Krita na GIMP hutumika bila malipo kwa uchoraji wa brashi. Kompyuta ya kawaida na kibao cha kalamu vinamtosha mtu wa Musoma au Bunda kuanza kazi ambayo miaka 40 iliyopita ilihitaji maabara.

Filamu ya The Lion King ya mwaka 2019 inaonyesha hatua hii ilikofikia. Karibu yote ilitengenezwa kwa kompyuta, na jabali lake maarufu halipo mahali popote duniani. Hata hivyo watazamaji waliliamini, kwa kuwa nyufa zake, maganda yake na madoa yake yalifuata kanuni za miamba halisi ya Afrika Mashariki.

Kulichora jabali la Mara

Hesabu ya kompyuta hutoa ukwaruzo, lakini haijui historia ya mahali. Brashi iliyotengenezwa tayari na picha ya uso wa jiwe iliyonunuliwa mtandaoni humpa mchoraji mawe yanayofanana yote, yasiyo ya nchi yoyote. Jiwe la Mara huhitaji mpangilio unaofuata maisha yake.

Umbo hutangulia. Mchoraji huanza na vipande vyenye pembe vilivyogawanywa na nyufa, kisha huziviringisha pembe, kama maji yalivyofanya chini ya udongo. Akianza na duara moja kwa moja, mabonge yatakosa uhusiano na kilima kitaonekana rundo. Mabonge yakae mahali uzito unapokutana na uzito, na pale jiwe linapogusa jiwe pawe na kivuli chembamba cheusi kuliko vyote. Hicho ndicho kinachompa mtazamaji hisia ya tani nyingi.

Hatua ya pili ni mwanga. Musoma iko takriban nyuzi moja na nusu kusini ya ikweta. Saa sita mchana jua halishuki chini ya nyuzi 65 hivi juu ya upeo wa macho mwezi wowote wa mwaka, na katika Machi na Septemba hufika utosini. London, mwezi Desemba, jua la adhuhuri hufika nyuzi 15 tu. Mafunzo mengi ya uchoraji yameandikwa na watu wa mwanga huo wa ubavuni, na anayeyafuata bila kufikiri huweka vivuli virefu vya mchana ambavyo Bunda havipo. Mchana wa Mara, utosi wa jabali hung'aa karibu na weupe, ubavu hufifia, na tumbo la jabali huwa na giza linalopashwa rangi na udongo wa chini. Asubuhi na jioni nyufa zote hujitokeza, na hizo ndizo saa nzuri za kuchora mahali penyewe.

Baada ya mwanga huja uso. Maganda yanayobanduka huacha ngazi zenye kingo kali juu ya mwili wa mviringo, na uso uliobanduka karibuni huwa mweupe au wa waridi kuliko uso wa zamani. Chembe za kwatzi na feldispa hufaa kwa jiwe la mbele tu. Kwa jiwe la mbali huyeyuka katika kijivu kimoja.

Mwisho ni madoa, ambayo yana sababu zake. Michirizi myeusi hushuka pale maji ya mvua yanapopita, kwa kuwa huota vijidudu vya jamii ya mwani. Madoa ya kijani hafifu, chungwa na kijivu ni kuvumwani, viumbe vya kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, navyo hupendelea uso ambao haujabanduka kwa muda mrefu. Mikojo ya pimbi huacha alama nyeupe na kahawia kwenye mianya wanamoishi. Ufukweni Musoma hali hubadilika: chini mawe ni meusi kwa unyevu na mwani, juu yameng'arishwa na jua, na yale wanayotua minandi hupakwa chokaa ya vinyesi vyao. Mpaka kati ya sehemu hizo hufuata kina cha ziwa, ambacho kilipanda zaidi ya mita 2 kati ya mwaka 1961 na 1964 na kikapanda sana tena mwaka 2020. Mchoraji akiiweka mistari hiyo sambamba na maji, jiwe litakuwa la Ziwa Victoria na si la ziwa lolote tu.

Kulinakili jiwe

Njia mpya kabisa ya kuchora jiwe haitumii brashi. Fotogrametria, jina lililotolewa na Albrecht Meydenbauer wa Ujerumani mwaka 1867, ilianza kama njia ya kupima majengo kwa picha. Leo jiwe hupigwa picha nyingi zinazoingiliana kutoka pande zote, kisha kompyuta hutafuta alama zilezile katika kila picha, hukokotoa mahali kamera ilipokuwa, na kujenga umbo la pande tatu. Kampuni ya Quixel ya Sweden, iliyonunuliwa na Epic Games mwaka 2019, ilikusanya maelfu ya nakala za namna hiyo kwa ajili ya wasanii wa filamu na michezo. Kazi hiyo hufanywa vizuri chini ya mawingu, kwani kivuli kikali hubaki kimegandishwa ndani ya nakala.

Njia hiyohiyo huitumikia historia. Wanaakiolojia wanairekodi michoro ya miambani kwa picha za pande tatu, na kwa DStretch, programu ambayo Jon Harman aliitoa mwaka 2005, wanazitenganisha rangi zilizofifia hadi alama ambayo jicho haliioni ijitokeze. Mary Leakey, alipoinakili michoro ya Kondoa mwaka 1951, alitandaza karatasi angavu juu ya mwamba na kufuata mistari kwa mkono. Sasa jiwe halilazimiki kuguswa, na uso wa mwamba huhifadhiwa pamoja na mchoro ulio juu yake.

Haja ya rekodi hiyo ni kubwa, kwa sababu majabali ya Mara yanapungua. Matale hupasuliwa kwa moto na nyundo ili kupata kokoto za nyumba, barabara na madaraja. Kazi hiyo hulisha familia nyingi, na miji inayokua haiwezi kujengwa bila mawe. Lakini bonge lililochukua mamilioni ya miaka kuviringika huisha kwa wiki chache, pamoja na nyufa, kuvumwani na pengine mchoro ambao haukuwahi kurekodiwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inatoa msingi wa kulinda maeneo ya urithi, ila eneo lisilojulikana haliwezi kulindwa. Mwanafunzi wa Bunda au Butiama anayejifunza kuchora mawe kidijitali kwa kulipiga picha jabali la kijijini kwao, kulipima na kulichora kwa mpangilio, anatengeneza pia rekodi ya mahali ambayo vitabu vya Stanley na Baumann havikuiacha. Kwa kazi hiyo simu yenye kamera nzuri, programu za bure na muda wa kulitazama jiwe vinatosha kuanzia.